Mabogini: Shamba la Wakfu na Haki za Wanyama Wake

Msafiri atokaye mjini Moshi akaelekea kusini, njia iendayo kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, huuacha mlima nyuma yake naye hushuka kidogo kidogo bila ya kujijua. Migomba na mibuni hubaki juu, hewa huzidi joto, na mara macho hukutana na bonde pana lililogawanywa kwa matuta mafupi na kujazwa maji yanayong'aa kwa jua. Hapo ndipo Mabogini. Wale waijuao Kilimanjaro kwa picha za theluji na za wapanda mlima hawaijui Kilimanjaro hii ya chini, ambamo wanaume na wanawake huinama katika matope tangu alfajiri wakipandikiza miche ya mpunga, na yangeyange weupe huwafuata nyuma wakiokota wadudu.

Wengi hudhani kuwa maji hayo ni theluji iliyoyeyuka. Sivyo. Sehemu kubwa yake ni mvua inyeshayo juu ya msitu wa mlima. Ardhi huinywa, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikachomoza katika chemchemi na kuilisha mito kama Njoro na Rau. Wachaga walijua tangu zamani kuyaongoza maji kwa mifereji waiitayo mifongo. Lakini kilimo cha mpunga kama kionekanavyo leo Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni kilipata nguvu pale serikali ya Tanzania iliposhirikiana na Japani kuujenga mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini. Ujenzi wake ulimalizika mwaka 1987. Mradi ulikusudiwa kwa hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilitengwa kwa mpunga.

Watu wa Mabogini ni wa makabila mengi. Wako Wachaga walioshuka kutoka vihambani baada ya ardhi kuwa haba mlimani, wako Wapare, wako Wakahe walio jirani, na wako wengine waliofuata kazi ya miwa na mpunga wasirudi tena kwao. Watu wa pwani nao waliizoea njia ya pande hizi tangu zamani za misafara. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima mwaka 1848 akawapasha habari watu wa Ulaya, kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani ambaye njia hiyo haikuwa mpya kwake. Kwa hiyo si ajabu mgeni kuisikia adhana ikivuka juu ya majaruba ya mpunga, na kuona watu wakinawa miguu mferejini ili waende kusali.

Katika bonde hilo tulikaribishwa kulizuru shamba dogo la wakfu, mali ya jamaa wa msikiti mmoja. Wenyewe hawakupenda msikiti wao utajwe, wakisema kuwa sadaka isiyotangazwa ni bora kwao, nasi tumeyaheshimu maneno yao. Shamba ni ekari tatu. Mpunga wake huuzwa ili kuwalipa walimu wa madrasa, na maziwa yake hunywewa na watoto wanaosoma, wengi wao wakiwa mayatima na watoto wa maskini. Lakini hatukwenda kuutazama mpunga. Tulikwenda kuwatazama wanyama, kwa kuwa tulikuwa tumesikia kwamba jamaa hao wamejiwekea kanuni juu ya wanyama wao, na kwamba kanuni hiyo inakaribia kuwagharimu.

Wanyama wenyewe si wengi: ng'ombe watatu wa maziwa pamoja na ndama wawili, mbuzi kumi na mmoja, punda mmoja, maksai mmoja mzee, kuku na mabata, na paka wa ghala. Tulipokewa na Maalim, msimamizi wa madrasa na wa shamba pia, mtu wa makamo mwenye maneno machache. Kabla ya kutuonyesha chochote alitaka kwanza tunawe mikono, kisha akatupeleka bandani.

Ng'ombe wa Mabogini, kama wale wa mlimani, hawaendi malishoni. Hii ni desturi ya kale ya Kilimanjaro. Huko juu ardhi ni ndogo na migomba yahitaji samadi, basi Mchaga alimfuga ng'ombe wake nyumbani, akamletea majani na kuzoa samadi kuipeleka mgombani. Huku chini nako kila kipande cha ardhi kina mpunga, mahindi au miwa. Ng'ombe akifunguliwa ataingia katika shamba la jirani, na jirani ataingia barazani. Kwa hiyo hufungiwa bandani akaletewa majani ya kukatwa, mabua ya mahindi, pumba, na baada ya mavuno majani makavu ya mpunga. Tuliwakuta wale watatu wakitafuna polepole mbele ya hori lililojaa, nao walitutazama kwa yale macho makubwa yasiyo na haraka.

"Mnaionaje hali yao?" Maalim alituuliza.

Tukajibu kuwa ni wazuri na wana afya, Alhamdulillahi.

"Ni wafungwa," akasema. "Ni wafungwa wangu. Mbuzi wa nyikani akisikia njaa huenda akatafuta. Huyu akisikia njaa hana pa kwenda ila kunitazama mimi. Nikilala, naye hulala na njaa. Nikisafiri nisimwachie mtu, hufa. Basi hesabu yake yote iko shingoni mwangu."

Hapo tukakumbuka ile habari mashuhuri aliyoieleza Mtume Muhammad (s.a.w.) juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kila mtoto wa madrasa aijua. Lakini aghalabu twaisimulia kana kwamba kosa la mwanamke yule lilikuwa kumchukia paka, na habari yenyewe haisemi hivyo. Yasema kwamba alimfungia: hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Njia zilikuwa mbili, naye alizifunga zote mbili. Aliyemfungulia mnyama njia ya kujitafutia amempunguzia hesabu yake. Aliyemfunga ameichukua njaa yake na kiu yake, akajitwika yeye mwenyewe. Tulipokuwa tumesimama mbele ya hori lile, tuliona kuwa habari ya paka yawahusu watu wa Kilimanjaro kuliko watu wengi wengine, kwa sababu hapa karibu kila ng'ombe ni wa kufungiwa. Siku hizi desturi hiyo imekwisha kuenea mijini pia, katika nyua za nyumba zetu, kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na sungura.

Yafaa ijulikane pia jinsi sheria yetu ilivyoupima mzigo huo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa wanazuoni walio wengi, zaka ya ng'ombe, ambayo huanza kwa idadi ya thelathini, huwapasa wale wajilishao malishoni. Ng'ombe alishwaye kwa majani ya kuletewa, na maksai wa kazi, hawatolewi zaka. Sheria imeuona mgongo uliobeba majani, ikausamehe.

Na majani hayo hubebwa na nani? Mtu apitaye asubuhi katika njia za Moshi Chini huona matita ya majani yakitembea yenyewe barabarani. Akikaribia ndipo aonapo miguu ya mwanamke chini yake. Wako wanaoteremka kutoka mlimani kuja kuyakata, kisha wakapanda nayo. Ng'ombe huitwa ng'ombe wa Bwana Fulani, lakini majani huwa ya Mama Fulani. Katika shamba lile la wakfu jambo hili limewekewa utaratibu. Vijana wa kiume wa madrasa, kuanzia umri wa miaka kumi na miwili, hukata na kubeba majani kwa zamu baada ya darasa la alfajiri, na walimu wao hubeba pamoja nao. Tuliambiwa kuwa mwanzoni baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba watoto wao walipelekwa kusoma Kurani, si kukata majani. Maalim aliwajibu kwa upole kuwa Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na imepokewa kuwa alikamua mbuzi wake kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo manung'uniko yalipungua, ingawa hayakwisha.

Wakati wa kukamua ulipofika tuliona jambo jingine. Kijana mkamuaji alionyesha kucha zake kwa mwenziwe kabla ya kukaa. Zilikuwa fupi. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliagiza wakamuaji wapunguze kucha zao wasije wakaviumiza viwele vya wanyama. Kisha ndama aliachiwa anyonye kwanza, na mwisho wa kukamua akaachiwa tena chuchu moja isiyoguswa. Maziwa yaliyopatikana hayakuwa mengi, lakini yalitosha kikombe kwa kila mtoto aliyekuwa akingoja barazani.

Kutoka kwa ng'ombe tulikwenda kwa mbuzi. Kati ya wale kumi na mmoja tuliwaona watano tu. Sita walikuwa nyumbani kwa watu. Jamaa wa shamba wanao mtindo wa kumpa mjane au mzee asiye na uwezo mbuzi mwenye maziwa kwa muda. Hunywa maziwa yake yeye na wajukuu zake, na samadi ni yake. Maziwa yakikauka, mbuzi hurudishwa, akatolewa mwingine. Wachaga hawalioni jambo hili kuwa geni. Tangu zamani mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi yao kwa jirani, naye jirani akapata maziwa na samadi kwa kazi ya kuwatunza. Katika siku za karibuni ulienea pia mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao mtu hupewa mtamba naye hulipa kwa kumpa mwenzake ndama jike. Lakini Waislamu wengi hawajui kwamba tendo hili lina jina katika dini yao. Huitwa maniha, yaani kumwazima mtu mnyama wa maziwa ili anufaike na maziwa yake kisha amrudishe. Mtume (s.a.w.) alitaja sifa arubaini za kheri zimwingizazo mtu Peponi akizitenda kwa kutaraji thawabu, na akaiweka maniha ya mbuzi kuwa ya juu yao. Yatupasa kutafakari. Hakutaja ngamia mia wala shamba la mitende. Alitaja mbuzi mmoja, tena wa kuazima.

Punda wa shamba alikuwa nje, kivulini, bila ya gari lake. Kazi yake ni kupeleka mpunga mashineni na kuleta pumba. Juu ya gari limepigwa mstari wa rangi nyeupe, na mzigo haupiti hapo. Punda ni mnyama adharauliwaye sana katika lugha yetu. Tukimtaka mtu atukane, twampa jina lake. Lakini Mtume (s.a.w.) alimpanda punda, na siku moja alimpakia Muadh bin Jabal (r.a.) nyuma yake wakazungumza juu ya haki ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake na haki ya waja kwake. Somo kubwa kama hilo lilisomwa juu ya mgongo wa punda. Tena katika vita vya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, alikataza nyama ya punda wa nyumbani, na tangu hapo maisha yake kwa Waislamu yamekuwa ya kutumika, si ya kuliwa.

Twataja haya kwa kuwa miaka ya karibuni punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi zao, ambazo hupelekwa Uchina zikachemshwa kutengenezwa dawa. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha kwa miaka kumi na mitano uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ni jambo jema. Walakini katazo la wakubwa halimkingi punda na fimbo ya mwenye gari. Ule mstari mweupe ndio umkingao.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo ugumu wa Mabogini ulipo. Mradi wa mwaka 1987 ulifanikiwa mno, na kufanikiwa kwake kulizaa shida. Watu wa sehemu za juu ya mito walipoona jinsi mpunga ulivyostawi, nao walianza kuulima, wakayachukua maji kabla hayajafika chini. Kwa hiyo maji hugawanywa kwa zamu, na zamu nyingine ni za usiku wa manane. Mtu akiikosa zamu yake huenda akaukosa na mpunga wake. Katika hali hiyo, ndoo moja ya maji kwa mnyama huweza kuwa neno.

Wakati wa kiangazi wafugaji wa Kimasai huteremsha makundi yao kutoka nyikani kutafuta maji. Wakulima huwafukuza, na sababu wanayo: kwato za ng'ombe hubomoa kingo za mifereji, na kingo zikibomoka maji hupotea. Jamaa wa shamba la wakfu walikaa wakashauriana. Wanazuoni wetu wamesema kuwa kiu hutangulia umwagiliaji. Watu na wanyama hunywa kwanza, ndipo mimea. Tena Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu hushirikiana katika maji, malisho na moto, akakataza mtu kuyazuia maji yaliyomzidi. Lakini kingo za mfereji nazo ni haki ya wote. Basi walijenga birika refu la saruji nje ya uzio, kando ya njia, mbali na mfereji. Zamu yao ya maji ifikapo, birika hujazwa kwanza, kisha ndipo lango la majaruba hufunguliwa. Ng'ombe wa mpita njia hunywa, na kingo hubaki salama. Majirani wengine waliwacheka. Msimu uliofuata, wawili kati yao walijenga mabirika yao.

Jioni, baada ya sala ya Alasiri, jamaa wa shamba walikutana chini ya mwembe, nasi tukaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Neno lililokuwa mbele yao lilikuwa juu ya yule maksai mzee. Ni mwekundu, mwenye nundu iliyolala upande, na watoto humwita Babu. Yeye na mwenzake walilima shamba lile tangu lilipoanza. Mwenzake alikufa. Yeye mguu wake wa nyuma umeharibika, hawezi tena kuvuta jembe, na kazi yake sasa hufanywa na pawatila ya kukodi. Mchinjaji mmoja wa mjini alikwisha kutaja bei.

Mtu mmoja alisema, "Paa la madrasa linavuja juu ya vichwa vya watoto. Fedha hizo zitalimaliza. Watoto wa watu ni bora kuliko ng'ombe." Wengi waliitikia. Mwingine akasema, "Basi na tungoje Idi tumchinje udhia. Tutapata thawabu, na maskini watapata nyama."

Maalim alianza na hili la pili. Alisema kuwa mnyama mwenye kilema cha wazi hafai kwa udhia, wala aliyekonda akaisha nyama, wala mwenye ugonjwa wa dhahiri, wala mwenye chongo ya wazi. Mwenyezi Mungu hapelekewi kile ambacho sisi tumekwisha kukitumia. Kisha akaja kwenye la kwanza. Alisema kuwa kumwuza ni halali. Maksai si wakfu wenyewe, bali alinunuliwa kwa pato la wakfu. Na kumchinja kwa kumla ni halali pia, wala hatamlaumu mtu. "Lakini kwanza tujue deni letu," akasema. Akawaeleza kuwa Sheikh Izzuddin bin Abdussalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1262 huko Misri, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, alitaja kuwa mwenye mnyama humgharimia matumizi yake hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena. Akawakumbusha na ngamia wa bustani ya Mansari, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akalia machozi yakamtoka, naye Mtume akampangusa nyuma ya masikio hata akatulia, kisha akamwita mwenyewe, kijana wa Kiansari, akamwambia kuwa mnyama amemshitakia njaa na kuchoshwa.

Kimya kilipita. Ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi na wenziwe upande wa pili, akaomba kusema.

"Maalim, maneno yako ni ya kweli. Lakini na mimi nina swali. Mali ya wakfu ni ya watoto. Aliyeitoa aliandika kuwa ni ya masomo yao. Je, tutachukua haki ya yatima tukamlishe ng'ombe asiyefanya kazi? Huruma yetu na itoke mifukoni mwetu, isitoke katika kikombe cha mtoto."

Twakiri kuwa hatukusikia siku hiyo neno lenye uzito kuliko hilo. Maalim mwenyewe aliinamisha kichwa akasema, "Umesema haki, Mama." Maana huruma nayo ina mipaka na ina sheria. Asiyekuwa mwangalifu huweza kumfanyia wema mmoja kwa mali ya mwingine, akadhani amejiwekea akiba ya thawabu.

Mazungumzo yaliendelea mpaka jua likakaribia kuchwa. Mwisho wake walikubaliana hivi. Babu hatauzwa msimu huu. Nyumba kumi na nne zilijiandikisha kuleta mzigo wa majani kwa zamu, kila nyumba siku yake, iwe sadaka yao wenyewe, na mfuko wa wakfu usiguswe. Bwana mifugo ataitwa autazame mguu. Akipona na kuishi, ataishi. Akizidiwa na maumivu, atachinjwa kwa kisu kikali, mbali na macho ya wenziwe, na nyama yake itagawanywa bila ya kuitwa udhia. Paa la madrasa litangoja mavuno. Yule aliyetangulia kulitaja paa hakufurahi, wala hakulificha hilo. Lakini jina lake lilikuwa la tatu katika orodha ya wenye kuleta majani.

Ndugu wasomaji, huenda mtu akasema kuwa hayo ni mambo madogo: ng'ombe mmoja, birika moja, mstari mmoja wa rangi. Ni kweli kuwa ni madogo. Lakini wengi wetu hatutapewa kutawala nchi wala kugawa hazina. Tutapewa kuku katika tundu, paka jikoni, mbuzi wa Idi aliyefungwa kamba uani siku tatu kabla ya kuchinjwa. Huo ndio utawala wetu, na raia wetu ni hao wasioweza kupeleka mashitaka kwa mtu yeyote. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya An'am kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao.

Kwa hiyo wazazi na waangalie nyumbani mwao: mnyama aliyefungwa ana maji hivi sasa? Nani ana zamu ya kumlisha familia ikisafiri? Vijana nao na wajue kuwa mzigo wa majani haumvunjii mtu heshima, wala mama hakuzaliwa ili aubebe peke yake. Na wale waliojaliwa mifugo zaidi ya mahitaji yao na watazame mlango wa jirani asiye na maziwa, wamwazime mbuzi mmoja. Kamba tuliyomfunga nayo mnyama ina ncha mbili, na ncha moja imefungwa kwetu.

Mwenyezi Mungu awabariki jamaa wa Mabogini katika mpunga wao na maji yao, na atujaalie sote kuwa wenye kuzitimiza haki za wasiosema. Amin.